MKATO SI PAMBO, NA KUULIZA SI UJINGA

Najua wapo watakaokunja nyuso na kuniuliza: je, jarida la Chama cha Kiswahili lina shughuli gani na sarufi ya Kiingereza? Si hiyo ni kazi ya wenzetu wa midahalo? Tulia, mwenzangu, usiufunge ukurasa. Nitakujibu pole pole.

Maoni yangu ni haya. Makosa mengi tunayochekewa tunapozungumza Kiingereza hayatokani na ujinga. Ni Kiswahili chetu kilichovaa koti la Kiingereza, na koti lenyewe halikushonewa mwili ule. Kwa hivyo mtu anayekijua Kiswahili sawasawa ndiye aliye na ufunguo wa kuyaelewa makosa hayo na kuyaacha. Kumvisha mwanafunzi kibao shingoni kwa sababu amenena Kiswahili, au kumcheka hadi anyamaze, ni kumnyang'anya ufunguo huo halafu kumlaumu kwamba hawezi kufungua mlango.

MASWALI YA CHINI YA DAWATI

Sisi wanafunzi wa shule za kutwa tunaishi na lugha tatu kwa siku moja, na pengine nne. Asubuhi nyumbani Kangemi au Kawangware ni lugha ya mama au Kiswahili. Ndani ya matatu ya 46 ni Sheng kutoka kwa makanga. Ukipita lango la shule, hapo Kiingereza ndicho mfalme. Jioni unarudi njia ile ile, na ulimi unageuka tena. Je, ni ajabu maneno yakigongana njiani?

Maswali ya Kiingereza tunayo kibao, lakini tunayauliza chini ya dawati, kwa kunong'ona, kwa sababu ukiuliza kwa sauti darasa zima litaangua kicheko. Leo nataka kuyatoa juu ya dawati. Nitachukua machache yanayoulizwa sana.

La kwanza ni hili: kwa nini "borrow me your pen" ni kosa? Jibu liko kwenye neno letu "azima". Kiswahili husema "nataka kuazima kalamu" na pia "niazime kalamu yako". Kitenzi ni kimoja, kalamu yaweza kwenda au kuja. Kiingereza kina vitenzi viwili, kimoja cha anayepokea na kingine cha anayetoa. Sasa sikiliza, hata Kiswahili kinajua tofauti hiyo linapokuja suala la pesa. Mimi nikichukua deni, nimekopa. Wewe ukinipa, umenikopesha. Basi "borrow" ni kukopa na "lend" ni kukopesha. Ukisema "borrow me" ni kama kumwambia mwenye duka "nikope sukari". Atakutazama tu. Haya, kuna ugumu gani hapo? Dakika moja ya Kiswahili imefanya kazi ambayo kicheko cha mwaka mzima hakikuweza.

La pili ni hivi vijineno "a" na "the" vinavyotusumbua usiku na mchana. Watu husema Kiswahili hakina kitu kama hicho. Si kweli kabisa. Nikikwambia "nimeona kitabu", huenda ni kitabu chochote. Nikisema "nimekiona kitabu", wewe unajua mara moja kwamba ni kile tulichokuwa tukikitafuta mimi na wewe. Hiyo "ki" ndogo katikati ya kitenzi imebeba mzigo unaofanana na ule wa "the". Mtu akishaelewa hivyo, hatakariri tena kanuni kama kasuku. Atajiuliza tu: je, msikilizaji wangu anakijua kitu hiki au bado?

La tatu ni hii "isn't it" yetu. "You are going home, isn't it?" "They came, isn't it?" Hiyo ni "sivyo?" imepanda matatu ikashukia stesheni ambayo si yake. "Sivyo" ni neno la amani, hukubaliana na kila mtu na kila wakati. Kiingereza hakitaki hivyo. Kinataka mkia ufanane na kichwa: akiwa ni "you are", mkia ni "aren't you", wakiwa "they came", mkia ni "didn't they".

Halafu kuna semi zetu tamu. Tunasema mlango "has refused to open" kwa sababu kwetu mlango hukataa kufunguka. Tunasema tuna "hear a smell" kwa sababu Kiswahili husikia harufu, husikia njaa na husikia baridi. Mtu akijikwaa mbele yetu tunamwambia "sorry", na mgeni kutoka Uingereza anashangaa, maana hatukumsukuma sisi. Yeye hajui kwamba tunamwambia "pole", neno ambalo lugha yake haina. Mimi sioni aibu hapo. Hiyo "sorry" ya Kenya ina utu ndani yake. Katika karatasi ya mtihani nitaandika vile mtahini anavyotaka, lakini nikiwa kituoni na mama mzee akijikwaa na kikapu chake, nitamwambia pole kwa lugha yoyote itakayonijia.

NDIYO INAYOWEZA KUMFUNGA MTU

Wengine watasema haya ni mambo madogo madogo ya kuchekesha. Ala! Subiri basi usikie hili.

Ukiniuliza "hujala?" nami sijala, nitajibu "ndiyo", yaani ni kweli usemavyo, sijala. Mwingereza hafanyi hivyo. Yeye haangalii kama usemi wako ni wa kweli, anaangalia kama kitendo kilitendeka. Ikiwa hukula, jibu lake ni "no". Sasa mfikirie kijana aliyesimama mbele ya afisa katikati ya jiji, anaulizwa kwa Kiingereza: "You did not take this bag?" Kijana hakuchukua chochote. Kwa moyo mweupe anajibu "yes", akimaanisha ndiyo, sikuchukua. Afisa anaandika nini kwenye daftari lake?

Ndiyo maana Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo. Walioiandika walijua kwamba neno moja fupi laweza kumfunga mtu. Je, sisi shuleni tumefundishwa tofauti ya "ndiyo" hizi mbili? Wengi wetu hatujafundishwa, na hatujauliza, kwa kuogopa kuchekwa.

Historia nayo inatuonya. Jirani zetu wa Ethiopia walipigana vita ambavyo mzizi wake mmoja ulikuwa kitenzi. Mnamo tarehe 2 Mei 1889, Mfalme Menelik wa Pili alitia sahihi mkataba wa Wuchale na Waitalia. Mkataba uliandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitalia. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika shughuli zake na mataifa mengine. Kwa Kiitalia kilimfunga kufanya hivyo. "Anaweza" na "lazima"! Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wake. Menelik akaukana mkataba mwaka wa 1893, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi yakakutana Adwa, Waitalia wakashindwa vibaya. Najua Italia ilikuwa na tamaa ya ardhi hata bila kitenzi kile. Lakini ni kitenzi kile kilichoipa tamaa hiyo karatasi ya kushikilia.

HUU MKATO, AU KOMA

Sasa nije kwa mkato, ambao wengine huuita koma na wengine kipumuo. Huyu ndiye mdogo wa alama zote na ndiye anayedharauliwa zaidi. Wanafunzi wengi humwaga mikato katika insha kama anayenyunyizia kachumbari chumvi. Wengine hawaweki hata mmoja, msomaji akafika mwisho wa aya akihema kama aliyepanda mlima. Eti ni pambo tu.

Tazama Kiswahili chenyewe. "Mwalimu asema mwanafunzi hakuja." Nani hakuja? Mwanafunzi. Sasa weka mikato miwili: "Mwalimu, asema mwanafunzi, hakuja." Aliyekosa kazi sasa ni mwalimu! Maneno ni yale yale, hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Au mtu anakuuliza kama unataka unga. Ukiandika "Hapana, pesa", umekataa unga ukataka pesa. Ukiandika "Hapana pesa", umemwambia mfuko ni mtupu. Waingereza wana mzaha wao wa siku nyingi wa mtoto anayemwalika nyanya yake mezani, na kwa kukosa mkato anaonekana anataka kumla. Kwetu bibi huyo ameokoka. Ukiandika "twende tule nyanya", msomaji atadhani ni zile za sokoni, za kukaangia vitunguu!

Kuna swali lingine linalouliziwa sana: je, mkato uwekwe kabla ya "and" ya mwisho katika orodha? Mkato huo Waingereza huuita wa Oxford, kwa sababu matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford huutumia. Wengine hawautaki. Jibu langu ni kwamba uangalie maana. Ukiandika "niliwasalimu wazazi wangu, mwalimu mkuu na mpishi", mgeni anaweza kufikiri baba yako ni mwalimu mkuu na mama yako ni mpishi. Mkato mmoja kabla ya "na" huondoa mashaka hayo.

Na usidhani ni ubishi wa walimu tu. Katika jimbo la Maine huko Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa iitwayo Oakhurst Dairy walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilitaja kazi ambazo hazilipiwi ziada, na mwisho wa orodha ikataja kufunga bidhaa kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza. Hapakuwa na mkato kabla ya "au". Basi kusambaza ni kazi peke yake, au ni kufunga kwa ajili ya kusambaza? Madereva walisambaza maziwa, hawakuyafunga. Mwezi wa Machi 2017 mahakama ya rufani iliamua kwamba sheria ina utata na ikasimama upande wa madereva. Mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa malipo ya dola milioni 5. Wabunge wa jimbo wakaiandika sheria upya kwa nukta-mkato. Kimkato kimoja, jamani!

Mwingine alikuwa Roger Casement, Muairishi aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza, yule ambaye taarifa yake ya mwaka wa 1904 ilifichua mateso ya watu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold wa Pili kwa ajili ya mpira. Mwaka wa 1916 alishtakiwa mjini London kwa uhaini, kwa kuwa alikwenda Ujerumani kutafuta msaada wa kuikomboa Ireland. Sheria iliyotumika ni ya mwaka wa 1351, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha zamani. Mawakili wakabishana jinsi ya kuisoma na mahali pa kutua: je, inamgusa mtu aliyetenda akiwa nje ya milki ya mfalme? Majaji wakasema inamgusa. Akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na hadi leo watu husema alinyongwa kwa mkato.

Turudi nyumbani. Wengi wetu tunaandika barua za kuomba basari, au tunapanda orofani River Road tukapigiwe chapa. Ukiandika kwa Kiingereza "my brother who works in Mombasa", bila mikato, msomaji ataelewa una ndugu kadhaa na unamtaja yule wa Mombasa. Ukiandika "my brother, who works in Mombasa,", umesema ndugu yako ni mmoja tu, na ana kazi. Kamati ikikaa kuamua nani apewe karo na nani akose, huenda mikato hiyo miwili ikasomwa kwa makini kuliko machozi yako.

Lakini kwa nini tunakosea mkato mara nyingi hivyo? Tena jibu liko kwenye Kiswahili. Sisi tuna "ka" yetu: nikaamka, nikanawa uso, nikashika njia. Hiyo "ka" ndiyo gundi, hivyo mkato unatosha. Tukivuka kwenda Kiingereza tunaandika "I woke up, I washed my face, I left", na mwalimu anapiga mstari mwekundu. Kiingereza hakina "ka". Kinataka kiunganishi kama "and", au kinataka nukta. Hilo ukilielewa mara moja, wino mwekundu utapungua nusu.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wasemao: "Wacheni maneno mengi. Kiingereza ndicho kitakachowapa kazi. Mkiruhusiwa Kiswahili kidogo mtakuwa wavivu." Nakubali nusu ya maneno hayo. Masomo yetu karibu yote tunayatahiniwa kwa Kiingereza katika KCSE, na anayekidharau anajikata mguu mwenyewe. Sisemi tukiache. Nasema tukijifunze kwa akili. Mtu anayevuka mto hutumia daraja, na kutumia daraja si uvivu.

Wengine wanatetea kile kibao kiitwacho diski, ambacho mwanafunzi aliyenena Kiswahili au lugha ya mama hukibeba hadi amkamate mwenzake. Desturi hiyo si mpya. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru hapo juu, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1986, Decolonising the Mind, jinsi enzi za ukoloni watoto walionena Kigikuyu walivyochapwa au kuvishwa bati lenye maneno ya kuwatukana. Wakoloni walishaondoka, lakini katika shule moja ninayoijua bati limebaki, jina tu ndilo lililobadilishwa. Je, linafundisha nini? Linafundisha kuvizia wenzako. Linafundisha kunyamaza. Sijaona mtu hata mmoja aliyejua tofauti ya "borrow" na "lend" kwa kubeba kibao.

Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kumdhalilisha, iwe ya mwili au ya akili. Na Katiba katika kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Itakuwaje basi mtoto aadhibiwe kwa kuzungumza lugha rasmi ya nchi yake?

MAPENDEKEZO YANGU

Kwanza, chama chetu kiweke sanduku la maswali mlangoni mwa maktaba. Mtu aandike swali lake la Kiswahili au la Kiingereza bila kutaja jina, na majibu yabandikwe ubaoni kila Ijumaa.

Pili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wafundishe pamoja angalau kipindi kimoja kwa mwezi. Siku ya "ka" na "and" wawepo wote wawili. Siku ya "ndiyo" na "no" vivyo hivyo.

Tatu, diski itupwe. Badala ya kumwinda anayenena Kiswahili, kiranja aandike maswali yaliyoulizwa darasani kwa wiki, na darasa lililouliza mengi lipongezwe kwenye gwaride.

Nne, hili ni letu sisi wanafunzi, si la walimu. Tuache kucheka. Ninyi wenzangu mliotoka shule za kulipia ghali, ambao Kiingereza kinawatoka kama maji ya mfereji, jueni kwamba yule mnayemcheka leo kwa "isn't it" huenda ndiye anayewaandikia insha ya Kiswahili mnayonakili kabla kengele haijalia! Kila mmoja ana cha kumkopesha mwenzake. Nimesema kumkopesha, si kumkopa.

Tano, kabla ya kukabidhi insha, isome kwa sauti. Ukiona wewe mwenyewe umepumua mahali pasipofaa, au umekosa pumzi kabisa, rudi uangalie mikato yako. Si kanuni ya kila mahali, lakini itakuokoa mara nyingi.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tumegeuza, tunamfanya anayeuliza aonekane mjinga na anayenyamaza aonekane msomi. Matokeo yake ni mtu kumaliza kidato cha nne akiwa na maswali yale yale aliyoingia nayo kidato cha kwanza, na kuyabeba hadi ofisini, hospitalini na mahakamani, mahali ambapo hakuna mwalimu wa kumsahihisha.

Kama hukubaliani nami, ukumbi ni wako, niandikie jibu katika toleo lijalo. Ila tafadhali, angalia mikato yako vizuri. Nami hapa naweka kalamu chini.

Wasalaam.
Mwanafunzi, Kidato cha Tatu